Alpha Centauri, nyota jirani: namna ya kuitambua toka Walungu na namna umbali, joto na uzito wake vilivyojulikana

Kila kiangazi, mawingu yanapoondoka juu ya milima ya Walungu, watu wanarudia maswali yale yale. Ile taa kubwa ya upande wa kusini ni nini? Ni nyota? Ni satelite? Ama ni drone? Katika mkoa wetu wa Kivu ya Kusini swali hilo si la mchezo. Vita imefundisha watu kuogopa kila kitu kinachowaka ama kunguruma angani, na uvumi mmoja wa usiku unaweza kuhamisha kijiji kizima mbele ya asubuhi.

Kuna njia moja ya kupunguza hofu hiyo: kujua vile vinavyokaa angani siku zote, ili kile ambacho si cha kawaida kijulikane haraka. Tuanze na nyota moja inayoonekana vizuri sana toka hapa kwetu, Alpha Centauri. Ukiacha Jua, hiyo na wenzake wawili ndizo nyota za karibu zaidi na dunia. Hakuna mtu aliyefika kule, na hakuna chombo kilichofika. Pamoja na hayo, umbali wake unajulikana, joto lake linajulikana, na hata uzito wake unajulikana. Makala hii inaeleza namna ya kuiona na namna hayo yote yalivyopatikana.

Nyota moja kwa macho, tatu kwa kweli

Jua letu nalo ni nyota. Tunaliona kubwa na kali juu liko karibu, kilometa milioni 150 tu. Nyota zingine ni majua ya mbali.

Ukiangalia Alpha Centauri kwa macho matupu, unaona nyota moja. Ni ya tatu kwa kung'aa katika nyota zote za usiku, nyuma ya Sirius na Canopus. Katika Kiswahili cha vitabu vya elimu ya nyota inaitwa Rijili Kantori, jina lililotoka katika Kiarabu, maana yake mguu wa Kantori. Kantori ni kiumbe wa hadithi za kale za Wagiriki, nusu mtu na nusu farasi.

Kwa darubini, hata ndogo, ile nyota moja inagawanyika kuwa mbili. Aliyeona hivyo kwanza ni padri Mjesuiti Mfaransa, Jean Richaud, mwaka 1689, akiwa Pondicherry, India. Zile mbili zinaitwa A na B, na zinazungukana. Ya tatu, Proxima, ni ndogo na hafifu kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuiona bila darubini. Lakini hiyo ndogo ndiyo iko karibu nasi kupita zote.

Namna ya kuitafuta

Walungu iko karibu na ikweta, kidogo upande wa kusini. Hiyo ni bahati. Mtu wa Paris, Brussels ama London hawezi kuona Alpha Centauri toka kwao hata siku moja, juu haipandi juu ya upeo wa macho yao. Sisi tunaiona miezi mingi ya mwaka.

Simama ukiwa umeelekeza mkono wako wa kushoto upande Jua linakotokea asubuhi. Hapo uso wako unaangalia kusini. Nyosha mkono mbele yako, ukunje ngumi. Ngumi moja ni karibu degre 10 za anga. Anzia kwenye upeo wa chini, upande ngumi tatu. Alpha Centauri inapofika juu kabisa, inakaa kwenye kipimo hicho. Kama kuna mlima mrefu upande wa kusini wa nyumba yako, unaweza kuifunika, kwa hiyo chagua nafasi iliyo wazi ndani ya kiwanja chako.

Saa za kuiona ikiwa juu kabisa ni hizi:

- katikati ya mwezi wa tano: saa tano za usiku
- katikati ya mwezi wa sita: saa tatu za usiku
- katikati ya mwezi wa saba: saa moja ya jioni, giza likiingia

Mwezi wa nane, jioni, inakuwa imeanza kushuka upande wa magharibi. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni vigumu kuiona, juu inapanda na kushuka karibu pamoja na Jua. Mwezi wa kwanza inaonekana tena, lakini mbele ya mapambazuko, kusini-mashariki.

Alama ya kusaidia ni Msalaba wa Kusini, nyota nne zilizopangwa kama msalaba. Kushoto kwa msalaba huo kuna nyota mbili kali zilizofuatana, zimeachana kwa upana wa vidole vitatu hivi vya mkono ulionyoshwa. Ile iliyo karibu na msalaba ni Hadar, yaani Beta Centauri. Ile iliyo mbali na msalaba, yenye kung'aa zaidi na rangi ya manjano kidogo, ndiyo Alpha Centauri. Mwenye simu ya kisasa anaweza pia kutumia programu ya Stellarium ili kuhakikisha.

Jambo moja la lazima: kwa hali ya usalama tuliyo nayo, usitoke mbali na nyumba kwa sababu ya nyota. Usipande kilima usiku, na usimulike tochi hewani. Ua wa nyumba unatosha.

Nyota, ndege, satelite ama drone?

Nyota haiachi wenzake. Iangalie kwa muda wa dakika kumi ukiipima na ncha ya mti ama ukingo wa paa. Utaona imesogea kidogo tu kuelekea magharibi, na nyota zote za jirani zimesogea pamoja nayo, kwa kuwa ni dunia inayozunguka. Tena nyota inametameta, juu mwanga wake unatikiswa na hewa yetu, zaidi sana ikiwa chini karibu na milima.

Satelite inakwenda mbele ya nyota zingine bila kusimama, bila kelele. Inavuka anga kwa dakika chache na mara nyingi inazimika katikati ya safari, ikiingia kwenye kivuli cha dunia. Ndege ya abiria ina taa zinazowaka na kuzima, na mngurumo wake unafuata nyuma. Drone inaweza kusimama pahali pamoja, halafu ikageuka ama kurudi ilikotoka. Nyota haigeuki wala hairudi.

Kuna jaribio lingine rahisi. Nyota inafika pale pale kila siku, lakini dakika nne mapema kuliko jana. Kwa mwezi mmoja inakuwa saa mbili. Taa uliyoiona leo saa tatu juu ya mvule wa jirani, ukiiona kesho saa tatu kasoro dakika nne pale pale, hiyo ni nyota. Hakuna haja ya kuamsha kijiji.

Umbali ulipimwa kwanza toka Afrika

Nyosha kidole gumba mbele ya uso wako, uangalie mti ulio mbali. Funga jicho la kushoto, kisha ulifungue na ufunge la kulia. Kidole kinaruka mbele ya mti, na bado haukukisogeza. Ukikileta karibu na pua, kinaruka zaidi. Ukijua nafasi kati ya macho yako na kiasi kidole kilivyoruka, unaweza kukokotoa kidole kiko mbali kiasi gani. Wataalamu wanaita mruko huo paralaksi.

Kwa nyota, nafasi kati ya macho mawili ni ndogo mno. Basi wanatumia safari ya dunia kuzunguka Jua. Wanapima pahali nyota ilipo mwezi wa kwanza, wanapima tena mwezi wa saba, dunia ikiwa upande wa pili wa Jua, kilometa milioni 300 toka pale ilipokuwa. Nyota ya karibu itakuwa imeruka kidogo mbele ya nyota za mbali.

Wazo hilo lilikuwa la zamani, lakini mruko wenyewe ni mdogo sana. Kwa Alpha Centauri, mruko wote wa miezi sita ni sawa na upana wa mfuniko wa chupa ya soda ukiangaliwa toka kilometa 4 hivi. Watu wengi walitangaza kwamba wameupima, halafu ikajulikana kwamba ni makosa ya vyombo vyao.

Mwaka 1832 Thomas Henderson, mtaalamu toka Scotland, alifika kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Cape, Afrika ya Kusini. Mwenzake Manuel Johnson, aliyekuwa anapima nyota kwenye kisiwa cha St Helena, alikuwa amegundua kwamba Alpha Centauri inahama angani mwaka kwa mwaka haraka kuliko nyota nyingi. Hiyo ilikuwa dalili ya ukaribu: mtu anayepita barabarani mbele yako unamuona anakwenda haraka, na yule wa kilima cha ng'ambo ni kama amesimama. Henderson alipima nyota hiyo pamoja na zingine, na mwaka 1833 akarudi kwao na daftari zake.

Alipokokotoa, alipata mruko wa kweli. Lakini hakutangaza. Alijua wengi mbele yake walijidanganya, akataka vipimo zaidi toka Cape, ambako Thomas Maclear alikuwa ameshika nafasi yake. Wakati anasubiri, Friedrich Bessel wa Ujerumani alitangaza mwaka 1838 umbali wa nyota nyingine, inayoitwa 61 Cygni, na akapata heshima ya kuwa wa kwanza. Henderson alitangaza yake mwanzo wa mwaka 1839. Kipimo chake kiliweka nyota karibu kidogo kuliko ilivyo, lakini hesabu yenyewe ilikuwa ya kweli, na waliopima nyuma yake waliithibitisha na kuinyoosha.

Alipoteza nafasi ya kwanza juu alikataa kusema kitu ambacho bado hajahakikisha. Kwetu sisi tunaotangaza habari, na kwa yeyote anayepokea ujumbe wa WhatsApp na kuusambaza, kuna la kujifunza hapo.

Chungwa moja Walungu, haragwe moja Johannesburg

Leo tunajua kwamba Alpha Centauri A na B ziko umbali wa miaka-nuru 4,37. Mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja, ukienda kilometa 300.000 kila sekunde. Kwa kilometa, ni karibu miliari elfu 41. Hesabu hiyo haiingii kichwani, tuipunguze.

Tuseme Jua ni chungwa kubwa lenye upana wa sentimeta 9, limewekwa kwenye meza sokoni Walungu. Dunia yetu itakuwa kama mbegu ya lengalenga, mita 10 hivi toka kwenye meza hiyo. Na Proxima? Itakuwa punje ya haragwe, yenye upana wa sentimeta 1,4, iliyowekwa karibu kilometa 2.600 toka hapa. Huo ni umbali wa ndege toka Walungu mpaka Johannesburg. Kati ya chungwa na haragwe, ukiacha sayari za Jua na vumbi, karibu hakuna kitu.

Chombo Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, kinakwenda kilometa 17 kila sekunde. Kwa mwendo huo, safari ya umbali wa Proxima ingechukua miaka karibu 75.000.

Mtu aliyeacha shule mapema akapata nyota ya karibu kuliko zote

Johannesburg ina nafasi katika habari hii kwa sababu nyingine pia. Proxima iligunduliwa kule, mwaka 1915, na Robert Innes, mkubwa wa kituo cha kuangalia nyota cha mji huo. Innes alizaliwa Edinburgh, akaacha shule akiwa na miaka 12, akafanya biashara ya mvinyo huko Sydney, na elimu ya nyota alijifundisha mwenyewe.

Kazi aliyofanya ilikuwa ya uvumilivu. Alichukua picha mbili za sehemu moja ya anga, zilizopigwa kwa kuachana miaka mitano, akaziangalia kwa chombo kinachobadilisha picha moja na nyingine haraka haraka. Nyota zilizotulia zinabaki pale pale. Ile inayohama inarukaruka. Kati ya maelfu ya vidoti, kidoti kimoja hafifu kiliruka, tena kwa mwendo unaofanana na ule wa Alpha Centauri. Mwaka 1917 Joan Voûte, Mholanzi aliyekuwa anafanya kazi Cape, alipima paralaksi ya kidoti hicho. Innes akapendekeza jina Proxima, yaani ya karibu zaidi.

Kipimo cha leo ni miaka-nuru 4,24. Proxima inazunguka A na B toka mbali sana, na mzunguko mmoja unachukua miaka zaidi ya laki tano.

Joto: fundi wa chuma anajua

Nyota haiwezi kuwekewa kipimo cha joto kama mgonjwa. Lakini rangi yake inasema. Mafundi wa chuma wa Kaziba, wanaojulikana tangu zamani kwa kazi ya kufua, wanajua jambo hili bila kitabu: chuma kikianza kupata moto kinakuwa chekundu, kikizidi kinakuwa cha machungwa, halafu cha manjano, halafu kinakaribia weupe. Hata makala ndani ya mbabula yanafanya vile ukiyapulizia.

Nyota inafuata sheria hiyo hiyo, kwa joto kubwa zaidi. Chuma kinayeyuka kwenye degre 1.538. Uso wa Proxima, nyota nyekundu, una degre karibu 2.700. B, yenye rangi ya machungwa kidogo, ina karibu 5.000. A, ya manjano kama Jua, ina karibu 5.500, na Jua letu pia lina karibu 5.500. Kisha angalia Hadar, jirani wa kwenye macho: ni nyeupe-bluu, na joto lake linapita degre 20.000.

Hapo pia kuna onyo. Hadar na Alpha Centauri zinaonekana kama ndugu wawili wamesimama bega kwa bega, na bado Hadar iko mbali miaka-nuru karibu 390. Vitu viwili kuonekana karibu angani si ushuhuda kwamba viko karibu.

Imeundwa na nini?

Mvua ikipita na Jua likatoka, mwanga mweupe unagawanyika katika matone na tunaona upinde wa mvua. Kipande cha kioo kilichochongwa vizuri kinafanya vile vile kwa mwanga wa nyota. Ndani ya upinde huo wa nyota, ukiangalia kwa makini, kuna mistari myembamba myeusi. Kila mstari ni alama ya kitu fulani kilichokula sehemu hiyo ya mwanga: chuma kina mistari yake, chumvi ina yake, idrojeni ina yake. Ni kama alama ya kidole kwenye kadi ya kura. Huwezi kuichanganya na ya mwingine.

Njia hiyo ina nguvu kiasi gani? Gesi ya heliamu ilijulikana kwanza kwenye mwanga wa Jua, mwaka 1868. Hapa duniani ilipatikana mwaka 1895 tu.

Mwaka 1925 binti mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anasoma Marekani, Cecilia Payne, alionyesha kwa njia ya mistari hiyo kwamba nyota zimeundwa zaidi na idrojeni na heliamu, si kwa udongo na chuma kama dunia. Mkubwa mmoja wa elimu hiyo, Henry Norris Russell, alimwambia kwamba haiwezekani. Miaka minne nyuma yake, Russell mwenyewe alifika kwenye jibu lile lile kwa njia nyingine, akakubali.

Alpha Centauri A na B ni hivyo pia: matufe ya gesi ya moto, idrojeni ikigeuka heliamu ndani kabisa na kutoa nguvu inayokuwa mwanga. Hakuna moto wa kuni kule, na hakuna moshi.

Mwanga na ukubwa

Taa ya simu ikiwa mbali mara mbili, mwanga unaokufikia unapungua mara nne. Ikiwa mbali mara tatu, unapungua mara tisa. Kwa hiyo ukishajua umbali wa nyota, unaweza kurudi nyuma na kukokotoa inatoa mwanga kiasi gani kule iliko. A inatoa mwanga mara 1,5 ya Jua. B inatoa nusu ya Jua. Proxima haifikishi hata sehemu 2 kwa 1.000.

Ukishajua mwanga wote na joto la uso, unapata ukubwa: nyota mbili zenye joto moja, ile yenye uso mpana inatoa mwanga mwingi. Mwaka 2003 wataalamu waliunganisha darubini za mlima Paranal, nchini Chile, wakapima upana wa nyota hizo moja kwa moja. Majibu yalikubaliana: A ni pana mara 1,2 ya Jua, B mara 0,86, na Proxima ni kama sehemu moja kwa saba ya Jua.

Uzito: hesabu unayoweza kufanya kwenye simu

Nyota haipandi kwenye mzani. Lakini A na B zinavutana na kuzungukana, na mwendo wa kuzunguka unategemea uzito. Nyota nzito zinavutana kwa nguvu, zinazunguka haraka. Johannes Kepler wa Ujerumani alipata sheria ya mizunguko hiyo mwaka 1618, kwa kuchunguza sayari za Jua, na Isaac Newton akaeleza sababu yake.

Mzunguko mmoja wa A na B unachukua miaka karibu 80. Wastani wa nafasi kati yao ni mara 23,3 ya nafasi kati ya dunia na Jua. Sasa fungua kalkulatrise ya simu:

- 23,3 × 23,3 × 23,3 = 12.649
- 80 × 80 = 6.400
- 12.649 gawanya kwa 6.400 = karibu 2

Jibu ni uzito wa nyota hizo mbili pamoja: mara mbili ya Jua. Ili kugawa uzito huo, wataalamu wanaangalia ni ipi inatikisika zaidi. Ile nyepesi ndiyo inayokwenda mbali, kama mtoto akishikana mikono na mtu mzima na kuzunguka. Hivyo A ilipata mara 1,08 ya Jua, na B mara 0,91. Mwanafunzi wa sekondari anayejua kuzidisha na kugawanya amekwisha kupima nyota mbili toka Walungu.

Je, kuna dunia nyingine kule?

Mwaka 2016 wataalamu waliotumia darubini ya La Silla, Chile, walitangaza kwamba Proxima ina sayari, wakaiita Proxima b. Hawakuiona. Waliona nyota yenyewe ikitikisika, ikija na kurudi kila siku 11,2, kwa mwendo wa kilometa 5 hivi kwa saa. Ni mwendo wa mama anayekwenda sokoni kwa mguu. Toka kwenye mtikisiko huo walikokotoa kwamba sayari hiyo haipungui uzito wa dunia. Lakini Proxima ina tabia ya kulipuka na kurusha miali mikali, na hakuna aliyethibitisha kwamba kuna hewa, maji ama uhai kule.

Juu ya Alpha Centauri A, mwezi wa nane 2025 ilitangazwa kwamba darubini ya angani James Webb iliona dalili ya sayari kubwa ya gesi mwaka 2024. Walipoangalia tena mara mbili mwanzo wa 2025, hawakuiona. Kwa hiyo walichagua neno la tahadhari: inayodhaniwa. Ukikuta ujumbe unaosema kwamba watu wa dunia nyingine wamepatikana kule, ujue haukutoka kwa wataalamu hao.

Radio yetu na nyota hiyo

Mawimbi ya radio ni ndugu wa mwanga na yanakwenda kwa mwendo ule ule. Sehemu ya mawimbi ya FM inapita juu ya milima na kutoka angani, hairudi. Taarifa ya habari ya jioni hii ingefika kwenye Mwezi kwa sekunde moja na kidogo, kwenye umbali wa Jua kwa dakika 8 na sekunde 20, na kwenye Proxima kwa miaka 4 na miezi 3, ikiwa hafifu kiasi kwamba hakuna chombo tunachokijua kingeweza kuisikia.

Upande wa pili ni vile vile. Mwanga wa Alpha Centauri utakaoingia machoni mwako usiku wa leo ulitoka kule miaka zaidi ya minne iliyopita. Mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa anatembea na kuuliza maswali.

Kwa walimu na wazazi

Zoezi hili halihitaji pesa. Chagueni pahali pamoja ndani ya kiwanja, weka jiwe la kusimamia. Kila juma, siku moja, mtoto aandike kwenye daftari saa ambayo Alpha Centauri inafika juu ya alama moja, kwa mfano pembe ya paa ama ncha ya mti. Baada ya majuma manne alinganishe. Ataona saa imerudi nyuma karibu saa mbili. Hapo amejionea mwenyewe kwamba dunia inazunguka Jua.

Na kwa mchana: usiangalie Jua kwa macho wala kwa darubini, hata dakika moja. Linaunguza jicho ndani bila maumivu, na jicho hilo halirudi.

Siku nyingine mtu akisema ameona taa ya ajabu upande wa kusini, mwulizeni kwanza: ilikuwa saa ngapi, ilisimama ama ilitembea, na nyota za jirani zilikuwa wapi? Majibu matatu hayo yatatosha mara nyingi kujua kama ni jambo la kuwaambia wakubwa wa eneo, ama ni jirani wetu wa zamani anayepita kama kila kiangazi.